Nyimbo za Singida na Majina Yake: Historia Fupi ya Kuhamishwa kwa Hazina za Muziki

Mtu ahamapo nyumba huchukua vyombo vyake, na kimoja kikisahauliwa hujua mara moja, kwa sababu amekizoea. Hazina ya nyimbo haihami hivyo. Nyimbo zikiwa nyingi, mwenye nazo hazijui zote kwa sauti. Huzijua kwa orodha, na orodha ni majina. Kwa hiyo katika kila uhamisho wa nyimbo, tangu silinda za nta za zamani za Wajerumani hata huduma za siku hizi zinazotiririsha muziki kwa njia ya intaneti, jina ndilo lililotangulia, na sauti ikafuata nyuma. Jina likipotea njiani, sauti yaweza kukaa salama miaka mia na asiwepo mtu wa kuipata.

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano wa mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania. Mkoa huo umechaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ndani yake na kando yake lugha za asili mbalimbali zimekutana mahali padogo. Ya pili ni kwamba majina ya watu wake yameandikwa kwa namna nyingi mno na watu wa nchi nyingi, kila mmoja kwa tahajia yake. Huonekana kana kwamba hayo ni mambo ya wataalamu tu, lakini sasa yamekuwa mambo ya kila mtu mwenye simu, kwa maana kazi ya kulinganisha majina iliyofanywa zamani na mkutubi imekabidhiwa programu ya kompyuta.

1. Watu na majina yao

Wanyaturu wanakaa sehemu za kati za mkoa, katika Singida na Ikungi. Wanyiramba wako Iramba, na Wanyisanzu wako Mkalama, karibu na boma la kale la Wajerumani. Upande wa bonde la Ziwa Eyasi wako Wahadzabe. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatooga, wanachunga ng'ombe sehemu mbalimbali, na kusini, katika Manyoni na Itigi, wako Wagogo na Wakimbu. Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu, Kigogo na Kikimbu ni lugha za Kibantu. Kidatooga ni cha jamii ya Kiniloti. Kihadza hakina ndugu anayekubaliwa na wataalamu wote.

Yafaa kuanza na Wanyaturu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Eberhard von Sick alitangaza maelezo yake juu yao katika jarida la Baessler-Archiv kwa jina la Die Waniaturu (Walimi). Mwaka wa 1964 Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri na mwanaisimu, alitoa uchunguzi wake wa lugha yao, The Phonology and Morphology of Rimi. Mwaka wa 1970 Harold Schneider akatoa The Wahi Wanyaturu. Mwaka wa 1978 Marguerite Jellicoe akatoa The Long Path, na katika kichwa chake kidogo alitaja Wahi tu, ambao ni sehemu moja ya watu hao. Basi hivyo ni vitabu na makala manne juu ya watu wale wale, na mtu asiyeijua nchi angeweza kuyapanga katika rafu nne mbalimbali. Mmoja ameandika Waniaturu na Walimi, mwingine Rimi, wa tatu Wanyaturu, na wa nne Wahi. Wako pia walioandika Turu, bila kiambishi chochote. Wenyewe kwa lugha yao hujiita Arimi, na lugha yao ni Kirimi. Herufi l ya Mjerumani na r ya Mmarekani ni masikio mawili yaliyosikia neno moja.

Ama kwa Wanyiramba, habari zao ziligusa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki yenyewe. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa kamati hiyo iliyoanzishwa mwaka wa 1930, ndiye aliyeandika katika jarida la Bantu Studies juu ya Kiniramba na hadithi zake. Yeye aliandika Kiniramba. Leo vitabu huandika Nilamba, Nyilamba, Nyiramba au Iramba. Wanyisanzu nao wameandikwa Isanzu, lakini Todd Sanders, katika kitabu chake cha mwaka wa 2008 juu ya ibada za mvua, ameandika Ihanzu, akifuata matamshi ya wenyewe. Wahadzabe waliitwa Wakindiga na Erich Obst mwaka wa 1912. Dorothea Bleek, mwaka wa 1931, aliwaita Hadzapi au Watindega. Leo huandikwa Hadza au Hadzabe.

Mpaka hapa tatizo ni la jina moja kuwa na sura nyingi. Liko tatizo la pili, nalo ni kinyume chake: majina mawili yanayofanana huku watu ni mbalimbali. Katika nchi hiyo na jirani zake wako Wataturu, ambao ni Wadatooga. Turu na Taturu hutofautiana kwa silabi moja tu, lakini lugha ya hao wa kwanza ni ya Kibantu na ya hao wa pili ni ya Kiniloti. Tofauti ya lugha hizo mbili ni kubwa kuliko ile ya Kiingereza na Kirusi. Yeyote atakayelinganisha majina kwa kuhesabu herufi zinazofanana atamkuta Turu karibu zaidi na Taturu kuliko na Rimi, na atakuwa amekosa mara mbili: amewatenga watu wamoja na kuwaunganisha watu wawili.

Tena liko tatizo la tatu, la viambishi vya Kiswahili. Mnyaturu, Wanyaturu, Kinyaturu na Unyaturu ni maneno yanayoeleweka na kila Mswahili kuwa ya shina moja. Orodha ya alfabeti haina akili hiyo. Itaweka la kwanza katika M, la pili katika W, la tatu katika K na la nne katika U. Na mwandishi wa Kizungu aliyekata kiambishi ataliweka la tano katika N au katika T.

2. Silinda za nta

Hazina kubwa ya kwanza iliyopokea sauti za Afrika ya Mashariki ni ile ya Berlin, iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka wa 1900 na kuendelezwa na Erich von Hornbostel. Maofisa, waganga na wasafiri walipewa mashine za fonografu na silinda za nta, wakazirudisha zimejaa sauti. Mwaka wa 1909 Hornbostel alitangaza katika jarida la Anthropos makala juu ya nyimbo za Wanyamwezi, majirani wa magharibi wa watu wa Singida. Yeye hakuwa amefika kwao. Alichokuwa nacho ni sauti iliyo katika nta, na karatasi iliyoeleza sauti hiyo ni ya nani.

Silinda zile zilihamishwa kwanza kutoka nta hadi shaba, ili ziweze kunakiliwa. Kisha zikahamishwa kwa sababu ya vita. Baada ya Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa ya hazina ilichukuliwa Urusi, ikarudishwa Ujerumani ya Mashariki, na haikufika tena katika makao yake ya Dahlem, Berlin ya Magharibi, mpaka mwaka wa 1991, baada ya Ujerumani kuungana. Kwa miaka mingi, basi, silinda zilikuwa upande mmoja wa mji uliogawanyika, na taasisi yenye karatasi zake ilikuwa upande wa pili. Silinda isiyo na karatasi ni kama barua isiyo na jina la mpelekaji: maneno yamo, lakini hayajulikani ni ya nani. Mwaka wa 1999 hazina hiyo iliandikwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Heshima hiyo ilistahiliwa, lakini iliwezekana kwa sababu sauti na karatasi vilikutanishwa tena.

3. Santuri na kadi

Kwa upande wa pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kuimba katika santuri za biashara. Santuri zile ziliuzwa kwa jina la mwimbaji. Mnunuzi wa Unguja, Mombasa au Dar es Salaam aliomba sahani ya Siti, naye muuza duka aliijua. Jina la mtu likawa ndiyo njia ya kuufikia wimbo.

Kwa upande wa bara desturi ilikuwa kuandika jina la kabila. Mtu anayefahamika zaidi katika kazi hiyo ni Hugh Tracey, ambaye katika mwaka wa 1950 alizunguka Tanganyika na mashine zake za kunasa sauti. Miongoni mwa aliowanasa ni Wagogo, ambao, kama ilivyosemwa, wako pia Manyoni, ndani ya mkoa wa Singida wa leo. Mwaka wa 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Roodepoort, Afrika ya Kusini, na kutoka humo ukatoka mfululizo wa santuri 210 za The Sound of Africa. Katalogi yake, yenye majuzuu mawili, ilipigwa chapa mwaka wa 1973. Tracey alifariki mwaka wa 1977, na mwaka uliofuata maktaba ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown, mji ambao tangu mwaka wa 2018 unaitwa Makhanda.

Kadi za Tracey zastahili kusifiwa. Kila wimbo ulikuwa na kadi yake, ikitaja lugha, mahali, ala na mara nyingi majina ya waimbaji, pamoja na kipimo cha sauti za ala. Kwa sababu hiyo uhamisho kutoka santuri hadi kompyuta, uliofanywa katika karne hii, uliweza kufanywa bila kupoteza asili ya nyimbo. Hata hivyo kadi ni sikio la mtu mmoja, na sikio la mtu mmoja huweza kukosa maana ya jina.

Mfano maarufu uko Kenya. Mwaka huo huo wa 1950 Tracey alinasa wimbo wa wasichana wa Kikipsigis uitwao Chemirocha. Jina hilo lilikuwa ni matamshi ya Kikipsigis ya jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika nchi yao. Mwimbaji wa Mississippi amekuwa Chemirocha kwa kanuni za sauti za Kikalenjin, na jina hilo jipya likapanda kwenye santuri na kurudi ng'ambo. Kompyuta isiyojua Kikipsigis haina njia ya kuyaunganisha majina hayo mawili, wala mtu asiyeelezwa. Kilichoyaunganisha ni maelezo ya mtu aliyesikia habari kutoka kwa waimbaji wenyewe.

4. Kitabu cha nyimbo, redio na kaseti

Huko Singida njia nyingine ya kuhamisha nyimbo ilikuwa kanisa. Howard Olson, yule yule mwenye kitabu cha Kirimi, alifundisha baadaye katika chuo cha Kilutheri cha Makumira, karibu na Arusha, na alikusanya tuni za makabila mbalimbali ya Tanzania akazitia katika kitabu cha Tumshangilie Mungu, cha mwaka wa 1968. Baadhi ya nyimbo hizo zilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuingia katika vitabu vya makanisa ya Marekani na kwingineko. Huo nao ni uhamisho, na katika safari hiyo jina lilifupishwa tena. Tuni ambayo katika nchi yake ilijulikana kuwa ya watu fulani wa mahali fulani, ng'ambo mara nyingi imeandikwa kuwa tuni ya asili ya Tanzania, na basi. Maneno hayo si ya uongo. Lakini Mhaya na Mnyaturu wote wawili ni Watanzania, na nyimbo zao hazifanani.

Redio ilikuwa na jukumu kubwa zaidi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka wa 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka wa 1956, na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka wa 1965. Wanasa sauti wake walikwenda mikoani, na ngoma za bara zikasikiwa nchi nzima. Kwa siasa ya lugha ya taifa, mtangazaji alisema Kiswahili, na wimbo ukaimbwa kwa lugha yake. Siasa hiyo ilifanya kazi kubwa ya kuunganisha watu, wala si kusudi la makala haya kuilaumu. Ila matokeo yake katika maktaba za sauti ni kwamba lebo iliandikwa kwa Kiswahili, na neno lililokuwa jepesi kuandikwa lilikuwa "ngoma za asili". Mtangazaji wa siku hizo alijua ni asili ya wapi. Aliyempokea kazi miaka thelathini baadaye huenda hakujua. Hazina hiyo ya tepu imepita tangu hapo katika mikono ya taasisi nyingine mbili kwa majina, mpaka Shirika la Utangazaji Tanzania la leo, na kazi ya kuiingiza katika kompyuta imesemwa mara nyingi.

Juu ya kaseti hapana haja ya kusema mengi. Zilinakiliwa madukani na majumbani, jina likiandikwa kwa kalamu na kila aliyenakili. Wimbo mmoja ulipata majina kumi, na kila jina likawa sahihi kwa mwenye kaseti.

5. Huduma za kutiririsha

Sasa yafaa kufika katika wakati huu. Msikilizaji wa leo hanunui sahani wala kaseti; hulipa ada, au husikiliza matangazo, akapewa ruhusa ya kusikia nyimbo zilizo katika ghala la kampuni. Spotify, iliyoanza Sweden mwaka wa 2008, ilifunguliwa kwa wakazi wa Tanzania mwezi wa Februari 2021. Apple Music ilitangulia mwaka mmoja. Boomplay na Mdundo, zilizokusudiwa kwa Afrika tangu mwanzo, zilikuwa zimekwisha kuzoeleka.

Huduma hizo hufunguliwa na hufungwa. Google Play Music ilifungwa mwishoni mwa mwaka wa 2020, na watumiaji wake walipewa njia ya kuhamia YouTube Music. Wengine huhama kwa hiari, kwa sababu ya bei au kwa sababu wimbo wanaoutaka uko kwingine. Kwa kazi hiyo zimetokea programu maalumu, kama vile Soundiiz na TuneMyMusic, zinazochukua orodha ya mtu katika huduma moja na kuijenga upya katika nyingine.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulikosea. Programu hizo hazihamishi sauti hata moja. Mwenye hazina hakuwa na sauti. Alikuwa na orodha tu. Kinachohamishwa ni majina: jina la wimbo, jina la mwimbaji, jina la albamu. Programu huyapeleka katika ghala la pili na kuuliza kama humo umo wimbo wenye majina hayo. Ukiwamo, huandikwa katika orodha mpya. Usipokuwamo, huachwa, na mwenye nao hupewa taarifa ya nyimbo zilizokosekana. Kosa lililo baya kuliko hilo ni pale wimbo mwingine wenye jina la kufanana unapochukua nafasi yake bila mtu kuambiwa.

Ili kupunguza makosa hayo, wenye viwanda vya muziki wana msimbo wa kimataifa wa rekodi, ambao kanuni yake ilitangazwa kwanza mwaka wa 1986. Una herufi na tarakimu 12: za kwanza mbili ni za nchi, tatu ni za msajili, mbili ni za mwaka, na tano ni nambari ya rekodi. Ghala mbili zikiwa na msimbo mmoja, wimbo hupatikana bila kuulizwa jina. Huo ni msaada mkubwa kwa muziki wa biashara wa Dar es Salaam. Lakini msimbo humtambulisha aliyesajili na rekodi yake. Hautaji lugha wala mahali. Rekodi ya Wagogo ya mwaka wa 1950, iliyosafishwa na kutolewa upya katika diski na kampuni ya Ulaya, husajiliwa na kampuni hiyo, si na mtu wa Manyoni wala wa Dodoma. Na rekodi iliyonaswa kijijini kwa simu na kutiwa katika intaneti na mwenyewe yaweza kukosa msimbo kabisa, ikabaki inategemea jina peke yake.

Basi hapo ndipo nyimbo za Singida zinaposhindwa, na sababu zake ni zile zile tatu zilizoonekana mwanzo. Jina moja lina sura nyingi: anayetafuta Kirimi hampati Turu. Majina mawili yanafanana: anayetafuta Turu huletewa Taturu. Na viambishi vya Kiswahili hutawanya shina moja katika herufi nne tano za alfabeti. Juu ya hayo limeongezwa la nne. Anayeingiza wimbo katika huduma hizi huulizwa lugha yake, na huchagua katika orodha iliyotengenezwa kabla. Mara nyingi Kinyaturu hakimo, Kinyisanzu hakimo, Kihadza hakimo, Kiswahili kimo. Mwimbaji huchagua Kiswahili, na kwa kuchagua hivyo wimbo wake hutiwa katika fungu ambalo si lake.

Hili la mwisho lapasa kuwahuzunisha wapenzi wa Kiswahili kuliko watu wengine. Kiswahili kilijengwa kiwe daraja kati ya lugha za nchi. Katika orodha hizi kimefanywa kifuniko chake.

6. La kufanya

Wazo la kwanza ambalo humjia mtu ni kusanifisha: ichaguliwe sura moja ya kila jina, na nyingine zikatazwe. Kazi ya Kamati ya Lugha katika tahajia ya Kiswahili ilikuwa ya namna hiyo, na ilifaa sana kwa vitabu vya shule. Kwa majina ya hazina za nyimbo haifai. Kadi ya mwaka wa 1950 haiwezi kuandikwa upya, wala kichwa cha makala ya von Sick. Tukio la kulichagua jina moja na kuyafuta mengine lingekata njia ya kurudi katika kila kitu kilichoandikwa kabla yake.

Linalofaa ni desturi ya kamusi. Katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Johnson na kutolewa mwaka wa 1939, maneno yaliyonyambuliwa huwekwa chini ya shina lake, na sura za namna nyingine huelekeza kwenye sura kuu. Ndivyo majina ya lugha na watu yapaswavyo kuwekwa: shina moja liwe kichwa, na chini yake sura zote zilizopata kuandikwa, za Kijerumani, za Kiingereza, za Kiswahili na za wenyewe, bila kuacha hata moja, pamoja na onyo pale ambapo jina la kufanana ni la watu wengine.

Vichwa vyenyewe haina haja kuvibuni. Malcolm Guthrie, katika mpango wake wa lugha za Kibantu uliotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1948, alikipa Kinyiramba nambari F31, Kinyaturu F32, Kikimbu F24 na Kigogo G11. Ubora wa nambari hizo ni kwamba hazina kiambishi, wala l na r hazizibadilishi. Upungufu wake ni kwamba ni za Kibantu tu, kwa hiyo Wahadzabe na Wadatooga hawamo. Kanuni ya kimataifa ya misimbo ya lugha, iliyotolewa mwaka wa 2007, imejaza pengo hilo: Kinyaturu ni rim, Kinyiramba ni nim, Kinyisanzu ni isn, Kigogo ni gog, Kikimbu ni kiv, Kidatooga ni tcc na Kihadza ni hts. Ikiwa msimbo wa herufi tatu ungeandikwa pamoja na kila rekodi, Turu na Rimi wangekutana katika rim, na Taturu angekwenda kwake katika tcc. Kazi ya kuziunganisha sura za majina na misimbo hiyo ni ndogo kwa mtu ajuaye lugha hizi, na Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 2009, ni msingi mzuri wa kuanzia.

Hata hivyo msimbo hautoshi. Lugha ya wimbo si jina la wimbo, na jina la mwimbaji wa Mkalama au Ikungi halimo katika kitabu chochote. Hayo yapasa kuulizwa kwa wazee wenye kuyajua wangali hai. Mtu wa Ikungi akisikilizishwa sauti isiyo na karatasi aweza kusema ni wimbo wa kazi gani, wa sehemu gani ya Unyaturu, na pengine ni sauti ya nani. Hapana programu iwezayo kazi hiyo, na kila mwaka unaopita waiwezao hupungua.

Tena si kila wimbo upasao kuhamishwa. Schneider na Jellicoe wote wawili waliandika juu ya ibada za wanawake wa Kinyaturu, ambamo wanaume hawaruhusiwi kuingia. Nyimbo za namna hiyo zilikuwa na mlango, na mlango huo ulikuwa sehemu ya maana yake. Kanda yenye wimbo wa aina hiyo, ikiwa imo katika hazina yoyote, haifai kutiwa katika huduma inayosikiwa na kila mtu mpaka wanawake wenyewe waulizwe. Kwa hiyo jina sahihi lina kazi mbili: linamwezesha mwenyewe kuupata wimbo wake, na linamwezesha mtunzaji kujua ni upi asioweza kuufungua.

Zamani mwimbaji wa Singida aliyehamia Tabora au Dar es Salaam kutafuta kazi alihama na nyimbo zake zote kichwani, na hakuhitaji karatasi. Akiulizwa wimbo ni wa wapi, alijibu. Vyombo vilivyomfuata, nta, santuri, tepu na ghala za intaneti, vimechukua sauti kwa uaminifu mkubwa kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Lakini kila kimoja kimehitaji mtu wa kukiandikia jibu lile. Pale lilipoandikwa vizuri, kama katika kadi za Makhanda, wimbo umevuka miaka sabini na bado wajulikana ni wa nani. Pale lilipoandikwa "ngoma za asili", wimbo upo, nao wangoja kuulizwa.